Sura Yangu, Sauti Yake

Miaka ile ya tisini, Warundi walipokuwa wakimiminika mpakani, mimi nilikuwa mama ntilie Mabamba. Nilipika ugali na maharage kando ya barabara, mtoto wangu wa mwisho mgongoni, wakubwa wawili wakinichotea maji. Kuni za masika ni moshi mtupu. Siku moja nilikuwa nimeinama napuliza moto, macho yananitiririka, gari likasimama, wakashuka vijana wa televisheni kutoka Dar es Salaam na kamera yao.

Walikuwa na mwenyeji wa kuwatembeza, mtu wa Kasulu niliyemjua kwa sura, maana alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na stendi. Mtangazaji akanisalimu. Sijafungua mdomo, mwenyeji akadakia, "Huyu Kiswahili hajui. Nitakueleza mimi."

Nikamkodolea macho. Kiswahili nimekijua tangu darasa la kwanza. Lakini maharage yalikuwa yanafurika, nikageukia sufuria. Wakapiga picha zao, wakamsogelea yeye na kipaza sauti, wakaondoka.

Alichosema nilikuja kukijua kwa njia mbaya. Mama yangu alikuwa anaishi Munanila. Mtu aliyerudi kutoka sokoni Kasulu akamwambia ameniona kwenye televisheni nalia, wajukuu wamekufa. Mama alinyoa nywele, akadandia lori la mihogo. Alipokuwa anashuka, machozi yamemziba macho, akaanguka, mkono ukavunjika. Akafika kwangu mkono umefungwa kwa kanga, akawakuta wajukuu wote wanagombania ukoko.

Akakaa chini palepale uani, akamwita mama yake kwa Kiha. "Mawe! Sasa nilikuwa namlilia nani njia nzima?"

Mkono ule haukunyooka tena, na mama hakushika jembe tena; akabaki kwangu.

Ndipo nikaenda Kasulu. Mjini kulikuwa na mzee mmoja mwenye asili ya Pwani, muuza vitambaa, aliyefunga dishi juu ya duka lake. Aliponiona akashtuka. "Mama, si wewe yule wa kwenye taarifa ya habari? Kila wakitaja wakimbizi wanakuleta wewe. Pole sana."

"Watoto wangu wazima, mzee."

Akaniwekea kigoda. Ilipofika saa ya habari akawasha jenereta, na kweli wakanileta. Niliona kichwa na kifua tu. Fundo la mbeleko lilionekana kifuani, lakini mtoto aliyefungwa kwa fundo hilo walikuwa wamemwacha nje ya picha. Mdomo wangu unapuliza moto, na juu yake sauti ya yule mwenye duka la vipuri: "Anasema wanawe wote watatu wamefia njiani."

Watu waliojaa dukani wakaguna kwa huruma. Nikasimama. "Huyo ni mimi. Huo ni moshi. Hakuna mtoto aliyekufa."

Kijana mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Lakini mama, tumeona kwa macho."

Jibu hilo lilinichoma kuliko uongo wenyewe. Redio ikisema jambo, watu huuliza nani kasema. Televisheni ikionyesha, nani atauliza? Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimekaribia kumhurumia yule mwanamke. Nilipita mbele ya duka la vipuri, nikamwona anacheka na wateja. Sikuingia. Matusi yangeishia pale stendi, na mimi nilitaka yafike mbali.

Kiangazi kilichofuata akaja Mabamba mtu wa redio, peke yake, na kinasa sauti begani. Alitaka wenyeji waeleze jinsi ujio wa wakimbizi ulivyobadilisha maisha yao. Nikamkaribisha kigoda. Nilipoanza habari ya kamera akanisogezea kipaza sauti.

"Redio haina macho, mama. Nieleze mpaka msikilizaji aone."

Nikamwonyesha. Nilieleza jino la dhahabu la yule mwenyeji, upande wa kushoto. Nilieleza mguu anaoutupa nje akitembea, koti la kaki analovaa hata jua likiwaka, na ile tabia ya kusema "kwa kifupi" halafu anazungumza mpaka chai inapoa. Nilieleza minyororo ya baiskeli iliyoning'inia mlangoni kwake. Kisha nikaeleza mkono wa mama yangu.

"Na jina lake?" akauliza.

"Jina la nini? Watamwona."

Walimwona. Televisheni ya Kasulu ilikuwa moja dukani, lakini redio zilikuwa kila nyumba, na siku ile hakuna aliyeweka sauti yake juu ya yangu. Wiki haikuisha, stendi nzima ikawa inamwita Marehemu Watatu. Wateja walimuuliza kama baiskeli zao nazo zimefia njiani.

Akaja kwangu, kofia mkononi. "Dada yangu, nisamehe. Walitaka mtu anayelia, jua lilikuwa linazama, na wewe peke yako ulikuwa na machozi. Nenda redioni useme yameisha."

"Mama yangu yuko ndani," nikamwambia. "Ingia, umweleze habari ya jua."

Hakuingia. Mama alikuwa amesikia yote. Aliponiita na kusema inatosha, nilijifanya kiziwi.

Baadaye nilisikia yule mwenye vipuri amefunga duka, amehamia Rungwe Mpya. Huko nako wana redio. Watu wa kanisani waliponiuliza kama moyo wangu umetulia, nilisema ndiyo, na sikuwa nadanganya. Nilifurahi. Nilifurahi sana.