Aliyekaa Bodini Badala ya Eliaichi

Kabla sijaanza, naomba uondoe fikra ya usiku. Haikuwa usiku, sikuwa nimelala, wala sikuwa na homa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Kisarawe linawaka, na mdogo wangu alikuwepo, akayaona niliyoyaona mimi. Yeye ndiye shahidi wangu, ingawa siku hizi hapendi nimtaje. Wengi nikiwasimulia hucheka mpaka nifike katikati, ndipo wananyamaza. Basi wewe cheka sasa hivi, umalize kabisa.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, msiba, kipaimara, popote panapotakiwa sufuria kubwa mimi nipo. Kwetu ni Same, lakini tumekaa Misugusugu miaka mingi kiasi kwamba tukirudi nyumbani tunaitwa watu wa Pwani. Nafanya kazi na mdogo wangu wa tumbo moja, Eliaichi. Huyu Eliaichi ana tatizo moja: ndani ya gari hawezi kukaa. Funga mlango tu, kabla hata hujawasha, tayari anatafuta pa kutapika. Kwa hiyo tangu ninunue pikapu yangu, yeye husafiri nyuma bodini, upande wa kushoto, mgongo kwenye kebini, kanga kichwani, anaimba nyimbo za kwaya. Majirani wamemzoea hivyo.

Reli mpya ilipokwisha kujengwa upande wetu, kambi moja ya mafundi kule Soga ilifungwa na vitu vyake vikauzwa. Mimi nikapata tela. Si tela la kubebea mchanga, hapana. Ni nyumba kamili juu ya magurudumu, ina sinki, makabati, na dirisha refu la pembeni la kupitishia sahani. Nililipenda palepale, sikuuliza linavutwaje.

Tela la namna ile halifungwi kwenye bampa. Lina shingo inayopanda juu na kuingia ndani ya bodi ya gari linalovuta, ikakalia bamba la chuma lililofungwa juu ya ekseli ya nyuma, kama unavyoona malori makubwa. Sasa pikapu yangu ni dabo kebini. Kebini ndefu, bodi fupi. Ukilipandisha lile tela pale, pua yake inabaki karibu mno na kioo cha nyuma.

Fundi Shomari, mwenye karakana Maili Moja, alipima kwa futi mara tatu, kisha akakaa juu ya tairi akanieleza taratibu. Kuna bamba la kukaa palepale, na kuna bamba la kuteleza, lenye reli mbili chini yake. Hilo la kuteleza, ukifika penye kona kali unasimama, unachomoa pini, tela linarudi nyuma kidogo, unapita bila pua kugusa kebini. Akasema bodi fupi inataka hilo. Nikamuuliza kwa nini asichukue lile la kawaida akalisogeza tu nyuma ya ekseli, nafasi ipatikane. Akasema uzito ukikaa nyuma ya ekseli gari linakuwa jepesi mbele. Ukifika mlimani unageuza usukani, gari halikusikii.

Bamba la kuteleza lilikuwa la kuagiza, wiki mbili. Na mimi Jumamosi ileile nilikuwa na harusi Masaki, kule Kisarawe, na nilikwishajitapa kwa wenye shughuli kwamba safari hii nakuja na jiko linalotembea. Unanijua? Hunijui. Mimi nikishajitapa sirudi nyuma. Nikamwambia afunge lile la kukaa palepale.

Fundi Shomari alifunga, lakini hakupenda. Aliponikabidhi ufunguo alinishika mkono.

"Dada, kona zote uzichukue kwa upana. Na mtu asikae bodini. Ukikata kona kali, pale katikati hapabaki mahali pa mtu."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia. Naomba ulikumbuke neno hilo, maana ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Nilipofika nyumbani sikumwambia Eliaichi. Nilijua akiambiwa akae ndani atakataa safari, na bila yeye mimi nitapikaje pilau ya watu mia kadhaa peke yangu? Nikajifariji kwamba njia ni ileile, kona nitazichukua kwa upana kama nilivyoambiwa, na jioni tutakuwa tumerudi. Jumamosi asubuhi akapanda bodini kama kawaida yake, akajibanza kati ya kebini na pua ya tela, gunia la mchele upande huu, sufuria upande huu. Akaniambia leo pamekuwa padogo. Nikamjibu, "Jikunje tu, mdogo wangu, si mbali." Nikaingia kwenye gari nikawasha.

Barabara kuu haikunipa shida. Tulipoiacha lami baada ya Kisarawe mjini, ndipo nilipoanza kuziogopa kona. Kila kona nilikuwa natazama kioo cha ndani, naiona kanga ya Eliaichi, na nyuma yake ule ukuta mweupe wa tela unasogea, unaondoka, unasogea tena. Sikuthubutu hata kuwasha redio.

Karibu na kuingia Masaki kuna mahali mikorosho imeshika pande zote mbili za njia. Pale alisimama mama mmoja mtu mzima, amejifunga kanga mbili zilizochakaa, bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Hakupunga mkono. Alikuja tu mbele ya gari, na mimi nikasimama.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

Hakuitikia. Wewe umeshawahi kumwamkia mtu mzima wa Pwani akakunyima marahaba? Hata aliyekukasirikia huitikia kwanza, ndipo akuseme. Yule mama alinitazama kidogo, akapita hadi ubavuni mwa bodi, akamtazama Eliaichi.

"Shuka," akamwambia. "Hapo ni pangu."

Mdogo wangu alicheka. Alidhani ni mambo ya wazee. Lakini sisi tumelelewa hivyo, mtu mzima akitaka ulipokaa unampisha, huulizi maswali. Akashuka, akamshika mkono kumsaidia kupanda. Akaja kuketi mbele pamoja nami, analalamika, kandoo kadogo kapo mapajani tayari kwa kutapika. Akaniambia mkono wa yule mama ulikuwa wa baridi, na kwamba alipokaa tu alianza kupima kwa shibiri kutoka kwenye kebini hadi kwenye tela. Shibiri moja, mbili, tatu. Kisha yule mama akasema, kama anayeongea peke yake, kwamba hata siku ile palikuwa hivihivi.

Nikaondoa gari. Kwenye kioo nikaona kisogo chake. Hakuegemea kebini kama Eliaichi. Alikaa akilitazama tela.

Nyumba ya harusi unaingia kwa kukata kushoto. Nilikuwa nimepanga nitanue kulia kwanza, nizunguke polepole. Nilipofika pale ikatokea bodaboda imebeba magunia ya mkaa, imejaa njia nzima, na upande wa kulia ni mtaro. Nikashtuka. Mikono yangu ikakata kushoto kwa nguvu, kama ninavyokata siku zote nikiwa na pikapu tupu.

Ulikuwa mlio mmoja tu, wa chuma. Kioo cha nyuma kikamwagika juu ya sahani zetu zilizokuwa kiti cha nyuma na gari likasimama lenyewe.

Sikuweza kugeuka. Haki ya Mungu, shingo ilikataa. Nilishika usukani nikawa nasema nimeua, nimeua, nimeua. Eliaichi ndiye aliyeshuka. Nikamsikia anazunguka nyuma. Kisha akaniita, na sauti yake haikuwa yake.

"Dada, njoo uangalie. Hakuna mtu."

Nikaenda kwa kushika ubavu wa gari. Kona ya tela ilikuwa imeingia kwenye kebini upande wa kushoto, pale hasa anapokaa mdogo wangu. Sufuria iliyokuwa pale ilikuwa bapa kama chapati. Gunia limepasuka, mchele umetapakaa. Lakini mama hakuwemo. Damu hakuna, kanga hakuna. Tukatazama chini ya gari, mtaroni, kwenye mikorosho. Kijana wa bodaboda naye akaacha mkaa wake akasaidia kutafuta, kisha akatuuliza tunamtafuta nani. Tukamwambia. Akasema ametuona tangu mbali wakati tunakata kona, na bodini hapakuwa na mtu, ni sufuria tu.

Tulipika. Utafanyaje, bibi harusi hajui habari zako. Pilau iliungua chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikugombana na mtu jikoni.

Jumatatu fundi Shomari alikuja kulitazama gari. Alikwangua rangi kwenye kona ya tela palipogonga, akakwangua tena, akaniita. Chini ya rangi nyeupe kulikuwa na bonyeo jingine, la zamani, limezibwa na kupigwa rangi juu. Kimo kilekile, upande uleule wa kushoto. Alilipapasa kwa vidole, akanigeukia.

"Lakini dada, si nilikwambia mtu asikae bodini?"

Eliaichi alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai. Hakumwaga chai, hakupiga kelele. Aliviweka chini kimoja kimoja.

"Kumbe ulijua," akasema.

Nilitaka kumweleza habari za wiki mbili, na harusi, na kwamba nilikusudia kuzichukua kona kwa upana. Maneno yote niliyokuwa nimejipanga nayo yalionekana ya kijinga.

"Yule mama hanijui hata jina, akaniambia shuka. Wewe ni dada yangu, ukaniambia nijikunje."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ni zima. Nimefunga bamba la kuteleza, na kila kona kali nasimama, nachomoa pini, nasogeza tela, napita. Eliaichi bado anafanya kazi nami. Hukaa ndani, kiti cha mbele, mlango umefungwa, na tangu siku ile hajatapika hata mara moja. Haimbi pia. Na tukipita pale kwenye mikorosho hushusha kioo, akatoa shikamoo kwa njia tupu, akangoja kidogo kana kwamba anaitikiwa. Mimi hupunguza mwendo mpaka amalize.

Wewe unayetaka kuvuta tela kwa gari la bodi fupi, fundi atakuambia ununue bamba gani, na umsikilize. Lakini akikuambia neno la kumhusu ndugu yako, nenda ukamwambie ndugu yako siku hiyohiyo, hata kama atakataa safari. Usingoje aambiwe na mwingine pale njiani.