Kibodi ya Shangazi

Ofisini wote humwita Shangazi, hata mkuu anayemzidi umri. Kibodi yake imefutika herufi zote kwa kuguswa, na kipanya chake kazi yake ni kukandamiza karatasi zisipeperushwe na feni. Programu huziandika kwenye kihariri cha kale, ambamo kila herufi ni amri mpaka ukiambie kwamba sasa unataka kuandika. Mkuu haishi kumtania: “Shangazi, hilo dude utaliacha lini?” Naye hujibu, “Likinichoka.”

Leo asubuhi, Shangazi akiwa dirishani anamimina chai, mkuu alikaa kwenye kiti cha Shangazi arekebishe neno moja tu katika programu ya miadi ambayo hospitali ilikuwa inaisubiri saa sita. Akagonga herufi, mistari ikatoweka. Akagonga nyingine tatu aokoe jahazi, ikatoweka zaidi.

Shangazi hakugeuka. Alikuwa akisikiliza vidole vikigonga.

“Bonyeza herufi u mara nne, kila moja itatengua kosa moja, na yote itarudi.”

“U yenyewe iko wapi?”

“Safu ya juu ya herufi, ya saba kutoka kushoto.” Akakoroga chai. “Mara nne tu, mkuu. Ukigonga ya tano, unatengua kazi yangu.”