Safari ya Kumrudisha Fundi Hasira

Niliondoka Bujumbura kwa sababu nilikuwa nimemaliza kusafisha filamu na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Ilikuwa filamu ya zamani ya Kihindi, ya fundi cherehani anayelipiza kisasi cha baba yake kwa mwenye kiwanda cha unga. Niliipata nzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa familia moja ya wafanyabiashara waliokuwa wanahama na kugawa vitu. Kazi ya kuisafisha hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe kwa kutazama wengine kwenye simu, kisha nikakaa chumbani kwangu, mtaa wa Buyenzi, nikiondoa mikwaruzo kwenye kompyuta, picha moja baada ya nyingine. Chini ya picha niliandika tafsiri ya Kiswahili. Nyimbo nilizitafsiri kwa vina. Kuna kifungo kimoja cha koti la yule fundi nilikishughulikia kwa muda ambao siwezi kumwambia mama yangu.

Papa Élie, Mkongomani wa Uvira mwenye kumbi mbili za video, moja Rumonge na nyingine Nyanza-Lac, kusini kando ya ziwa, alikubali kunijaribu. Sharti lake: niionyeshe filamu Jumamosi Rumonge na Jumapili Nyanza-Lac. Watu wakikaa mpaka mwisho, mchana wa kila Jumapili utakuwa wa filamu za zamani, nami nitazileta. Wakitoka, Jumapili inarudi kwa mpira. Baba mdogo, ambaye natengeneza simu dukani kwake, naye aliweka sharti lake: mpira ukishinda, nirudi kwenye meza ya simu na asisikie tena habari za sinema. Nilikubali yote haraka, kabla hawajabadili mawazo.

Ijumaa asubuhi petroli ilikuwa haipatikani mjini na mabasi yamesimama, kwa hiyo nilipanda mbele ya lori la dizeli lililokuwa linaenda kuchukua mawese. Nyuma madumu matupu yalipiga kelele kama harusi. Mapajani nilikuwa nimebeba projekta, nimeizungushia blanketi. Dereva, jina lake Désiré, aliitazama kwa muda mrefu.

"Iko mutoto?"

"Hapana. Iko mashine ya sinema."

"Basi umupe dirisha, apate hewa."

Kuanzia hapo, kila tulipofika kwenye shimo, Désiré alipunguza mwendo na kuiomba radhi projekta kwa jina la mutoto.

Magara tulisimama. Wavuvi walikuwa wamesharudi, na ndagala, ndio dagaa wa huku, zilikuwa zimeanikwa mchangani mpaka karibu na barabara. Désiré alinunua samaki wa mikeke, akafunga fungu lote kwenye majani na kuliweka miguuni pangu. Niliinua projekta mpaka kifuani. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba unyevu unaharibu lenzi, sikumbuki kama waliandika lolote kuhusu samaki. Kila baada ya kona niliinusa. Mwanamke mmoja mchuuzi tuliyempakia hapo aliniangalia nikinusa, akamuuliza Désiré kwa Kirundi kama mimi ni mzima. Désiré akajibu kwamba ni uzazi wa kwanza.

Rumonge, Jumamosi asubuhi, nilibandika tangazo mlangoni mwa ukumbi. Nililichora mwenyewe. Juu niliandika jina halisi la filamu, kwa Kihindi na kwa Kiswahili, kwa sababu naamini kazi ya mtu iitwe kwa jina aliloipa. Watu walisoma wakapita. Kufikia saa sita Papa Élie alikuwa ameshaanza kufuta vumbi kwenye televisheni ya mpira.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akasimama mbele ya tangazo. Jina hakulitazama. Alitazama masharubu ya fundi niliyemchora.

"Huyu si iko Fundi Hasira?"

Papa Élie aliniambia baadaye kwamba jina hilo lilienea ufukoni kuliko la mkuu wa tarafa. Watu waliorudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania walikuja nalo. Huko kambini filamu hii ilionyeshwa kwenye kibanda cha video miaka mingi, kwa kaseti moja, na jina hilo ndilo waliloipa. Yule mama wa ndizi aliacha ndizi zake kwa jirani, akaenda sokoni kutangaza, na kabla ya saa nane ukumbi ulijaa. Nililia kidogo nyuma ya pazia. Kisha nikajipangusa na kuanza kuogopa mambo mengine.

Saa nane na nusu taa zilizimwa. Picha ilikuwa safi. Kifungo kile cha koti kilionekana vizuri. Lakini watu walianza kugeuka nyuma na kuangalia pembeni, kama wageni wanaosubiri mwenye nyumba. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na mwenye kueleza iko wapi?"

Nilisimama nikasema hakuna haja ya mwelezaji, mtu wa kutafsiri filamu kwa sauti, maneno yote yako chini, yamehakikishwa. Wakanishukuru kwa adabu, murakoze, murakoze, kisha wakaendelea kumtafuta.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, ukumbi mzima uligeukiana na kuanza kuzungumza. Nilidhani sauti imekatika. Hapana, ilikuwepo, na chini vina vyangu vilipita kimoja baada ya kingine bila hata jicho moja kuvitazama. Nilimuuliza msichana aliyekaa karibu nami kuna nini. Akanieleza, kama anavyoelezwa mtu aliyelelewa vibaya, kwamba wimbo ni wakati wa matangazo. Kambini mwelezaji alitumia nyimbo kutangaza mbuzi aliyepotea, mtoto mwenye homa, siku ya kugawa mahindi, nani amepata barua. Msichana huyu alizaliwa Rumonge na kambi hakuiona, lakini mama yake ndivyo alivyomlea.

Nilivumilia. Nilijiambia mwisho utawakamata. Mwisho wa filamu hii ni mzuri sana: fundi anaingia kiwandani, anapambana, anapigwa risasi, anafia kwenye magoti ya mama yake huku unga ukiwaangukia. Uso wa yule mama nilikuwa nimeusafisha kwa muda mrefu kuliko kile kifungo.

Fundi alipoanguka, hakuna aliyelia. Walitazama kama watu wanaosubiri utani uishe. Neno la mwisho likapita, taa zikawashwa. Mama wa ndizi alisimama.

"Na kwaya?"

Kumbe ile kaseti ya kambini ilikuwa imefutwa mwishoni. Mtu fulani alirekodi juu yake kwaya ya kanisa. Fundi alikuwa akiingia mlango wa kiwanda, na papo hapo picha inaruka, wanatokea watu wa kwaya kwa kanzu nyeupe, wakiimba. Na mwelezaji, badala ya kuzima, alisema hiyo ndiyo harusi ya fundi. Kwa miaka yote hiyo, nusu ya ufuko wa ziwa ilijua kwamba Fundi Hasira alishinda, akaoa, na kwamba Wahindi wakioa huita kwaya.

Watu walitoka bila kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Papa Élie alinikuta nimekaa chini nikikunja waya.

"Madamazeli, batu banasema weye umemuua."

Nilimwambia mimi sijamuua, alikufa toka zamani. Alitikisa kichwa. Kwake jambo lilikuwa rahisi: kesho Nyanza-Lac, mji umejaa waliorudi kutoka Tanzania, kule Fundi Hasira ni kama ndugu. Nitafute mwelezaji, na fundi akifika mlango wa kiwanda nizime mashine. Nisipozima, Jumapili ijayo ni mpira. Kisha akanielekeza kwa mwelezaji mwenyewe, yule wa kambini: Mama Veronika, sasa anauza mawese Kigwena, njiani kwenda Nyanza-Lac.

Jumapili, Kigwena, nilimkuta akitoka misa ya kwanza, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika kabla yake. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia kwa Kiswahili safi cha upande wa Kigoma, akanikalisha kwenye dumu lililogeuzwa kati ya michikichi yake, akanipa chai. Nilipomweleza nilichofanya, alinisikiliza mpaka mwisho kama muuguzi.

"Umeandika maneno yao yote?"

"Yote, Mama."

"Mimi Kihindi sijui hata salamu. Nilikuwa naangalia midomo na hasira zao tu." Akaninyang'anya kikombe kilichokwisha, akajaza. "Na mle ndani umeandika kwamba yule komishna wa polisi ni baba mdogo wa fundi?"

Nilisema hapana, hawana undugu wowote.

"Basi kazi yako bado, mwanangu."

Nilikaa pale nikijiuliza nimwambie au nisimwambie. Nikaanza: Mama, kuhusu mwisho. Aliinua mkono. Hajawahi kutazama filamu kabla ya watu wake, akasema, kwa sababu akishajua ataeleza kama mwalimu, na watu watasinzia. Nakiri kwamba nilifurahi kunyamazishwa. Nilijiambia nitazima mashine mlangoni kama nilivyoagizwa, naye hatajua kamwe.

Alikubali kuja kwa masharti mawili: sauti ya filamu ipunguzwe, na maandishi yangu yafunikwe maana yatambishia. Tulikwenda Nyanza-Lac kwa pikipiki mbili, yeye mbele akimpungia mkono kila mtu, mimi nyuma nimekumbatia projekta.

Nyanza-Lac, saa tisa, baada ya ibada zote kwisha, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Papa Élie alikaa mlangoni akiwa amekunja mikono. Nilibandika karatasi mbele ya lenzi ili kukata mwanga wa chini na kuficha maandishi yangu, kazi yangu yote, kwa mkono wangu. Mama Veronika alishika maikrofoni, akasalimu "Amahoro," na ukumbi ukajibu kama familia.

Sijawahi kusikia uongo mzuri kama ule. Mwenye kiwanda aliomba msamaha, Mama Veronika akasema anaomba kuongezewa unga. Binti anayependwa na fundi alimwambia asije tena, Mama Veronika akasema anamuuliza kama amekula. Niliyapigia makosa mstari kichwani mpaka wimbo wa kwanza, kisha nikaacha. Kwenye wimbo alitangaza mwavuli uliosahaulika kanisani, akamsalimia mjane mmoja kwa jina, akamwuliza kijana fulani mahari imefikia wapi, na kijana akajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake huku ukumbi ukimtaja baba mkwe. Hakuna aliyegeuka kutafuta chochote. Wote walikuwa nyumbani.

Kisha fundi akafika mlango wa kiwanda.

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha mashine. Papa Élie alikuwa ananitazama kutoka mlangoni na kunionyesha kwa kichwa: zima. Ningependa kusema sikuzima kwa ajili ya ukweli, au kwa heshima ya sanaa. Sikuzima kwa sababu nilikuwa nimeusafisha uso wa yule mama muda mrefu mno, na nilitaka hata mtu mmoja auone.

Mlango ukafunguka. Kwaya haikutokea. Mama Veronika, aliyekuwa ameshaanza kusema "na sasa, ndugu zangu, wageni wa harusi," alikatisha maneno. Alitazama skrini kama kila mtu. Risasi ililia kidogo tu, maana sauti tulikuwa tumeipunguza. Fundi alianguka, unga ukaanza kudondoka, mama yake akampakata.

Nilisubiri ukumbi unigeukie. Ulimgeukia yeye.

"Mama, sema," mtu akasema gizani.

Alivuta pumzi. Maikrofoni ilipeleka pumzi hiyo ukumbi mzima.

"Huyo si yeye," akasema. "Huyo ni pacha wake."

Watu walicheka, kicheko kikubwa cha kufunguliwa. Mmoja akasema yeye toka zamani alishuku kuna pacha, mwingine akamwambia asiongope, alikuwa akilala filamu nzima. Mama Veronika akaendelea: Fundi mwenyewe alichelewa, ameenda kumtafuta daktari, ndiyo maana hamwoni. Kwenye skrini yule mama alikuwa bado analia, uso wake safi, kila chozi mahali pake, na kicheko kikapungua chenyewe.

Mwanamke mmoja, sikumwona ni nani, akauliza taratibu kutoka nyuma, "Na huyo pacha, Mama, walimzika wapi?"

Mama Veronika aliitazama skrini tena.

"Kule," akasema. "Yule tulimwacha kule. Huyu ndiye tuliyerudi naye."

Hakuna aliyecheka wala aliyetoka. Picha ya mwisho ilibaki kwenye skrini, fundi na mama yake na unga. Mzee mmoja alivua kofia. Kisha upande wa madirisha mtu akaanza ule wimbo wa kwaya wa kwenye kaseti, kwa sauti ya chini, na wengine wakaupokea wakiwa wamekaa. Waliuimba beti zote. Mimi siujui, kwa hiyo nilishika projekta, ambayo ilikuwa imepata moto sana, na sikuizima mpaka walipomaliza.

Papa Élie alikuja nikiwa nafungasha. Alikuwa amekasirika kwa sababu alikuwa amelia. Alisema sikumtii, kisha akasema Jumapili ni yangu, isipokuwa fainali. Filamu nitaleta mimi, lakini mwenye kueleza awe Mama Veronika, na karatasi ya kufunika nije nayo mwenyewe.

Jumatatu nilirudi Bujumbura kwa lori jingine, madumu yakiwa yamejaa na kimya. Njia nzima nilifikiri. Nilikuwa nimekwenda kuwarudishia watu filamu yao katika hali nzuri kuliko walivyoiacha, nikakuta wameitunza wenyewe, kwa namna ambayo mimi ningeiita uharibifu. Bado nasafisha mikwaruzo, siwezi kuacha. Lakini nimeacha kudhani kwamba nikimaliza mimi, filamu imekwisha.

Nilipofika nyumbani, kabla ya kula na kabla ya kumwona baba mdogo, nilimpigia simu Mama Veronika nikamuuliza yule pacha jina lake nani. Akasema hajampa bado. Wenye ndugu waliozikwa kule kambini wameshaanza kumletea majina.