Pindo la Kanga Lisilokauka

Sikulewa. Naanza na hilo kwa sababu nawajua, mtasema nililewa. Bia sijawahi kuigusa, na siku hiyo hata chai sikuwa nimekunywa, mtoto alilia tangu alfajiri. Wala haikuwa usiku wa kuona vivuli. Ilikuwa saa kumi jioni, jua la Dodoma linawaka. Niliyoyaona niliyaona.

Mume wangu anapiga besi kwenye bendi inayotumbuiza kila Jumamosi kwenye bustani ya hoteli moja huko Nzuguni. Siku mbili hakuwa amelala nyumbani. Mazoezi, anasema. Simu hapokei. Mimi niko Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, chumba kimoja, na Yona mgongoni anaota meno. Nikasema basi. Nikafunga begi la nguo zangu tu. Nilikuwa nakwenda kumkabidhi mtoto wake palepale jukwaani, halafu nipande basi la Kondoa kwa mama yangu. Na nisingerudi. Nakwambia ukweli, nisingerudi.

Nikakuta bustani tupu. Vyombo vimepangwa, bendi haipo. Jukwaani alikuwepo mzee mmoja tu, kavaa suti ya kahawia, kakaa kitini anapiga gitaa.

"Shikamoo babu. Baba Yona yuko wapi?"

"Marahaba, mama. Wamefuata mafuta ya jenereta. Mbona umefura kama andazi? Kaa."

Nikakaa na hasira zangu. Alikuwa anapiga wimbo wa zamani wa Kimarekani, ile jazi ya swing ambayo mume wangu huiweka kwenye simu nami humwambia azime. Siku hiyo sikutaka izimwe. Sijui nikuelezeje. Mapigo ni manne, lakini hayakanyagi sawa. Yanatembea kama mtu anayerudi nyumbani amepata kitu, bega moja juu. Mzee aliutoa wimbo mara moja, wazi, hata mimi nikaushika. Halafu akauacha, akaenda zake. Unadhani kapotea, unaanza kumwonea huruma, mara anagusa noti moja tu na uko palepale ulipoanzia. Pale ambapo mwingine angejaza noti kumi, yeye aliweka moja, akangoja. Yona akanyamaza. Nikahisi kidole chake kinanigonga mgongoni, polepole, kinafuata.

Mzee alikuwa anatiririka jasho. Si unajua desturi yetu dansini? Mpiga muziki akikukuna, unainuka unamtuza, au unamfuta jasho. Sikuwa na leso. Nikamkalisha Yona juu ya begi, nikapanda jukwaani, nikamfuta uso kwa mbeleko yangu, ile kanga ya kumbebea mtoto. Uso ulikuwa wa baridi kama mtungi. Akafumba macho.

"Asante, mwanangu. Usiondoke katikati. Namalizia."

Akamalizia. Wimbo ukashuka taratibu, ngazi kwa ngazi, na noti ya mwisho sikuisikia ikikatika.

"We mama Yona! Unamfuta nani?"

Mume wangu na wenzake wamesimama na dumu la mafuta. Mpiga drams akacheka: "Leo bosi kaja kukagua!" Kisha akaiona sura yangu, akarudi nyuma hatua moja. Nikageuka. Kitini kulikuwa na gitaa peke yake. Halina uzi hata mmoja. Niamini, hata mmoja.

Ni la mwalimu wao. Alianguka akafa kwenye jukwaa lile kabla mimi sijaolewa, katikati ya wimbo uleule. Nyuzi wakazizika naye, gitaa wakawa wanalikalisha kitini kila Jumamosi. Mume wangu akasema siku ile mzee alitoka jasho la ajabu, na watu wa maofisini waliojaa pale waliona haya kuinuka kumfuta.

"Sisi tukadhani ni mbwembwe zake," akasema. "Tukaendelea kupiga." Alikuwa analia. Sijawahi kumwona analia. "Mwisho wa wimbo ule aliubadilisha kila wiki. Wa wiki ile hatukuusikia."

Nikamwimbia ule mwisho niliousikia. Akakaa chini, kwenye nyasi.

Nilimkabidhi mtoto, kama nilivyopanga. Ila sikuondoka. Msinisingizie kwamba nilisamehe. Zile siku mbili bado tunazo mezani mpaka leo. Lakini nilikaa hadi bendi ikamaliza.

Sasa sikiliza. Dodoma, kwa upepo huu, nguo inakauka hujamaliza kuanika ya pili. Lile pindo nililomfutia halikauki. Nimelifua, nimelianika juu ya bati, jua la mchana likalipiga. Ukiligusa lina unyevu. Yona halali asipolishika. Akishalala, kidole kinagonga mapigo manne, bega moja juu. Mama mkwe anataka niichome kanga. Nimekataa. Yule mzee hakuwa mbaya. Lakini kila nikimtazama mwanangu najiuliza, siku ile mtoto nilimkabidhi nani, baba yake au yule mzee?

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto mchanga, ukimwona mpiga gitaa anatoka jasho, usione haya. Inuka, mfute angali hai. Ila tafuta leso. Mbeleko iache mgongoni.