Maziwa kwa Mtu wa Maabara

Nakumbuka siku niliyoambiwa, nami nikaamini kwa moyo wote, kwamba mtu akinywa pakiti moja ya maziwa kila atokapo maabara, hakuna kemikali duniani itakayomweza. Aliyenipa siri hiyo ni Mzee Rama, aliyenipokea kazini. "Maziwa huikamata sumu ikaganda kama mtindi," alisema, "kisha unaiaga chooni." Mwanangu, nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni, nikijiona nimesoma kuliko waliotunga mtihani. Hata hivyo niliyameza yote, maneno na maziwa.

Maabara yenyewe ilikuwa ya hospitali moja upande huu wetu wa Msambweni. Kazi yangu ilikuwa kumimina formalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande vinavyokatwa mwilini kwa mgonjwa ili vipimwe, kutoka mtungi mkubwa hadi vichupa. Chumba kidogo, dirisha limefungwa vumbi lisiingie, nami peke yangu kutwa. Siku za mwanzo nililia machozi ya kujaza kisima. Nikitoka, nakunywa maziwa. Nilikunywa hata ng'ombe wa Kikoneni wakanijua kwa jina! Na kweli, baada ya miezi kadhaa, ukali ule sikuusikia tena.

"Mzee Rama, nimeishinda!"

"Si nilikwambia?"

Jioni moja mke wangu, Mwanasha, aliniacha na chungu cha kunde za nazi mekoni, akaenda kwa jirani. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Baba Omari! Kunde zinaungua nawe umekaa papo hapo?"

"Zinaungua wapi?"

Alidhani namfanyia mzaha. Akachomoa asumini kichwani, akanisogezea puani. "Haya, nusa." Nikanusa. Nikanusa tena. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kesho yake nilikunywa pakiti mbili.

Mwanasha ametangulia mbele ya haki. Leso yake ya mwisho nimeiweka ilivyokuwa, na udi wake. Wanawake wa mtaani waliokuja kunisaidia kupanga nguo waliifungua wakasema, "Mashallah, bado inanukia." Mimi huifungua nikiwa peke yangu, nikajifunika nayo uso mzima, nikakuta kitambaa tu.

Mwezi uliopita nikasikia kwamba Mishi, binti wa jirani, ameajiriwa maabara. Nikambebea pakiti ya maziwa, nikampa na siri yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Babu, maziwa yanakwenda tumboni. Ule mvuke ulikuwa ukiuvuta puani hadi mapafuni. Vitakutana wapi? Na haukuisha mle chumbani. Pua yako ndiyo iliyoacha kukwambia."

"Itarudi?"

"Sidhani, babu."

Basi, mwanangu, uingiapo chumba cha kemikali usiipe pua kazi ya ukaguzi. Soma kibandiko kabla ya kugusa kifuniko. Ukikuta alama ya fuvu, au ya moto, au ya mtu mwenye nyota kifuani, uliza mpaka wakuchoke: hii huingia mwilini kwa njia gani, nitakaa nayo kwa muda gani, na hewa yake inatokea wapi? Chupa isiyo na jina usiifungue, hata bosi akikuharakisha. Na siku harufu kali itakapokupotea, usishangilie kama mimi. Toka nje ukaseme. Mola akutoe kazini mzima kama ulivyoingia, na anayekupenda akikusogezea ua, akujaalie ulisikie.

Siku hiyo kwa kina Mishi nilikuwa nimeshanyanyuka niondoke na pakiti yangu, nirudi kwenye nyumba yangu iliyonyamaza. Mishi akanipokonya, akawasha jiko.

"Maziwa ni ya chai, babu," alisema. "Kaa tunywe."