Daftari la Profesa Gundi

Wanafunzi walimwita Profesa Gundi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Elimu yake iliishia shule ya msingi, lakini kwa miaka ishirini na moja karibu kila tasnifu ya chuo kile ilipita mikononi mwake kabla ya kufika maktaba. Kibanda chake kilitazamana na lango la nyuma la chuo. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, mashine ya kukatia karatasi yenye mpini mzito, na kopo la gundi ambalo mkewe aliapa halijaoshwa tangu waoane.

Wajalidi wengine, mafundi wa kutia vitabu majalada, walikuwepo, ila huyu alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Gundi ikisubiriwa kukauka, yeye alivuta kiti na kufungua ukurasa wa kwanza. Alisoma mambo ya udongo, ya mirathi, ya madaraja, ya homa za watoto. Asichokielewa alikiruka, akifika mbele akarudi nyuma kukiuliza tena. Mwanafunzi akija kuchukua kazi yake alikuta maswali yanamngoja.

"Hapa ukurasa wa arobaini, mbona umesema wakulima hawapendi kupanda miti, halafu hukuwauliza kwa nini?"

"Profesa, wewe jalidi tu!"

"Najalidi. Lakini kwa nini?"

Kila aliyemaliza, Profesa alimwomba amwachie nakala moja ya ziada, pamoja na madaftari ya masomo na mitihani ya miaka iliyopita kama vipo. Aliyekubali aliandika kwa mkono wake ndani ya jalada: "Nimeiacha isomwe," akatia sahihi. Bila sahihi hakuipokea. Zilijaa kabati moja, zikajaa la pili, na yeyote aliyetaka kuazima aliazima.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa daftari moja nene la jalada jeusi. Humo aliorodhesha kila nakala kwa namba, na pembeni akachora safu aliyoibuni mwenyewe, akaipa kichwa: "Inamfaa nani mwingine." Utafiti wa sheria kuhusu ugomvi wa ndugu juu ya mashamba aliuandikia: "watu wa kilimo." Maana humo ndimo alimopata jibu la swali lake. Wakulima hawakupanda miti kwa sababu hawakujua shamba lingebaki la nani. Binti mmoja wa kilimo aliazima tasnifu hiyo ya sheria akiwa amekata tamaa na utafiti wake, na sasa alikuwa mhadhiri. Kila akipita langoni alisimama kumsalimu.

Basi dada yake Profesa Gundi alikuwa na binti wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Aliingia chuo kusomea ukutubi, yaani kazi za maktaba, na mwaka wa mwisho akakosa mada ya utafiti. Akaja kibandani na uso umekunjamana.

"Mjomba, nisaidie. Wenzangu wote wameshaanza."

Mjomba alimfungulia makabati yote mawili, kisha akamwekea daftari jeusi mbele yake. Kwa miezi minane Kitinda alishinda pale kila alasiri na kompyuta yake mapajani, akinakili daftari safu kwa safu. Mjomba alimwelezea mistari mingi, kwa nini hiki amekiunganisha na kile. Alimpa kiti chenye mgongo, yeye akakalia ndoo.

"Tutaviweka mtandaoni, mjomba," Kitinda alimwambia. "Mwanafunzi popote alipo atasoma. Hivi karatasi zikiliwa na mchwa utafanyaje?"

"Fanya, mwanangu. Hilo ndilo nililokuwa nangojea."

Tena alifurahi hata akamwahidi ngozi halisi, kipande alichokuwa amekitunza kwa miaka, kuwa jalada la tasnifu yake.

Msimu wa kukabidhi tasnifu ulifika, Kitinda hakuonekana. Mjomba alipompigia simu, aliambiwa kazi imeshajalidiwa mjini, kwenye duka lenye mashine za kisasa. "Nilikuwa na haraka, mjomba." Alimeza hilo. Vijana wana haraka. Kile kipande cha ngozi akakirudisha kwenye karatasi yake.

Miezi mitatu baadaye idara ya ukutubi ilimletea rundo la nakala za kujalidi upya, kwa sababu mashine za kisasa za mjini zilikuwa zimebandika vibaya na kurasa zinapukutika. Nakala ya tatu ilikuwa ya Kitinda. Alikaa chini, akafuta mikono vizuri kwenye suruali, akaanza kusoma huku akitabasamu.

Tabasamu halikufika ukurasa wa kumi. "Mtafiti amebuni mfumo mpya wa kuunganisha tafiti za wanafunzi wa fani mbalimbali." Akageuza. Safu yake ilikuwepo, na kichwa chake kilekile, "Inamfaa nani mwingine," kikiitwa ubunifu wa mtafiti. Akatafuta zilikotoka nakala zenyewe, akakuta sentensi moja: "Data zilipatikana kutokana na nakala zilizotelekezwa katika kibanda cha fundi asiye na elimu, ambaye hakutambua thamani yake."

Aliisoma mara tatu. Kisha akafungua orodha ya nyuma, akashuka na kidole mpaka namba 212. Miaka kadhaa iliyopita, katikati ya msimu wa kazi nyingi, alipokea utafiti juu ya kupooza kwa wazee. Kwa haraka akasoma "kupoza," akaandika pembeni: "mafundi wa majokofu." Kosa hilo liliwachekesha wanafunzi mwaka mzima, naye hakulifuta kwa sababu alipenda kucheka nao. Na sasa lilikuwa pale, limepigwa chapa nadhifu: kupooza kwa wazee, inawafaa mafundi wa majokofu. Hata kusoma alichonakili, Kitinda hakusoma.

Siku ileile alifunga kibanda saa nane mchana, akaenda kwenye ofisi ya maktaba ambako mpwa wake alikuwa ameshapewa kazi. Kitinda alisimama alipomwona.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani ametelekeza nini?"

Kitinda alitazama mlango. "Mjomba, hiyo ni lugha ya kitaaluma tu. Lazima uonyeshe kulikuwa na tatizo na wewe umelitatua."

"Kwa hiyo tatizo ni mimi."

"Sikusema hivyo. Lakini tuseme ukweli, daftari lile wewe ungelipeleka wapi? Nani angekusikiliza?"

"Nilidhani wewe," alisema, akageuka akatoka.

Jioni dada yake alifika nyumbani kwake mbio, hata kanga ameivaa upande. Yule mhadhiri wa kilimo alikuwa ameisoma tasnifu ile mtandaoni, akalitambua daftari lililomwokoa, akapeleka malalamiko. Kamati ya chuo ilimtaka mjalidi aje na ushahidi wake siku ya Alhamisi.

"Kaka yangu, usiende," dada alisema. "Sema unaumwa. Watamnyang'anya shahada. Mtoto wako mwenyewe!"

"Ndiyo maana nikampa daftari. Ni mtoto wangu."

"Ni karatasi tu!"

Dada yake aliwahi kukaa katika kibanda kile siku nzima akimsubiri, akamwona anavyozishika. Alijua si karatasi tu, na kule kusema hivyo kulimuuma kama kutelekezwa kwenyewe.

Alhamisi alivaa shati lake la kitenge, akaenda. Hakutoa hotuba. Aliliweka daftari mezani, akafungua namba 212, akawaacha wanakamati wacheke wenyewe. Mzee mmoja alicheka, akanyamaza ghafla, akamtazama Kitinda. Mjomba akafungua nakala tano za kabatini, akawaonyesha sahihi. "Hakuna hata moja iliyotelekezwa," alisema. "Wenyewe waliniachia. Hilo tu ndilo nililokuja kulisema." Walipomuuliza anataka mpwa wake aadhibiwe vipi, alisema hajui mambo ya adhabu.

Kitinda hakunyang'anywa shahada. Aliamriwa aiondoe ile sentensi, ataje chanzo cha mfumo, na aongeze ukurasa wa shukrani. Ukurasa ulikuja kibandani kwa mkono wa tarishi wa idara, nakala tano, ili ubandikwe. Uliandikwa: "Shukrani kwa mjomba wangu, fundi wa vitabu, kwa daftari lake." Ndio basi. Hakuna aliyekuja kumwambia neno hilo kwa mdomo. Aliubandika, akanyoosha kingo, akatia uzito juu, kwa sababu hakujua namna ya kufanya kazi mbaya hata alipotaka.

Tafiti zinasomwa mtandaoni hadi leo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, imetajwa kazi yake. Wanafunzi wa vyuo vya mbali humpigia simu kumshukuru, naye huwasikiliza kwa adabu. Makabati bado yako wazi na kuazima ni bure kama zamani. Lakini daftari jipya analoliandika halikai tena mezani, linalala nyumbani ndani ya sanduku lenye kufuli. Mwanafunzi akimuuliza ni nani mwingine amewahi kuandika juu ya jambo lake, humtazama kidogo kwanza, jambo ambalo zamani hakulifanya.

Kwa dada yake anakwenda. Wakikutana na Kitinda sebuleni, binti humwamkia na yeye huitika, na kama kuna chai humsogezea kikombe. Mara moja Kitinda alianza, "Mjomba, ile siku—" naye akainuka kwenda kumsaidia shemeji yake kurekebisha mlango, ingawa mlango haukuwa na tatizo lolote.