Mimi Niliyekuwa Nyongeza

Watu wakianza kubishana kama timu ya kikapu iachie nyota wake ili ipate wachezaji wa kutosha, mimi huwa nanyamaza kwanza. Si kwamba sina maoni. Ninayo, tena makali. Ila niliwahi kuwa sehemu ya bei, na bidhaa haiulizwi maoni.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Nilikuwa karani wa masjala, nikahamishiwa Babati kutoka Arusha pamoja na mafaili, na nadhani mafaili yalipokelewa kwa shangwe zaidi. Nilipanga chumba Nakwa, simjui mtu. Nikajiunga na timu ya watumishi iliyofanya mazoezi kwenye uwanja wa saruji wa shule moja pale mjini. Tulikuwa kumi na wanne. Msimu mzima nilikaa benchi nikiwashikia wenzangu saa na miwani. Nilikuwa mwaminifu sana. Hakuna saa iliyopotea.

Timu ya sokoni ilikuwa kinyume chetu. Walikuwa watano tu, na siku ya mnada wanne. Lakini mmoja wao, fundi pikipiki mrefu, alifunga peke yake pointi nyingi kuliko sisi sote. Shida yao ilikuwa robo ya tatu: pumzi zinakata, hakuna wa kumpokea mwenzake, na ikifika ya nne wanatembea. Mashindano ya mkoa yalipokaribia, nahodha wetu akamtaka yule fundi. Akaenda kumwona kocha wao, mzee aliyeuza mbaazi na maharage sokoni. Nami nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyebeba mipira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kwa mbaazi au kwa mtu?"

Nahodha akasema wazi: tupe mmoja, tukupe wawili. Mzee alikuwa akimpimia mama mmoja maharage. Akajaza kisado, akakisawazisha kwa kiganja, akamimina kwenye mfuko, kisha akachota konzi moja akaongeza juu, kama ilivyo desturi. Ndipo akatugeukia.

"Wawili sawa. Nyongeza yangu iko wapi?"

Nahodha akaangaza huku na huku, macho yakatua kwangu. "Basi chukua na huyu."

Nilifedheheka. Nilirudi Nakwa kwa miguu nikiapa kutokanyaga tena uwanjani. Mashabiki wa sokoni nao walimjia juu mzee wao. Walisema katoa ng'ombe, kapokea mbuzi wawili na kamba. Kamba ndiyo mimi.

Nilikwenda mazoezini kwa hasira tu, nione huyo mzee atanifanya nini. Hakunipa pole wala hotuba. Alinipa jezi, akaniambia robo ya tatu niingie nikimbie mpaka wenzangu wapumue. Nikakimbia. Shabaha sikuwa nayo hata ya kurushia taka kwenye pipa, lakini pumzi nilikuwa nazo tele, maana msimu mzima sikuzitumia. Tulifungwa mechi mbili, tukashinda ya tatu, tukashinda na ya nne. Hatukuwa na mtu wa kushangiliwa kwa jina, ila hatukutembea tena.

Baada ya mazoezi tulikula samaki wa ziwani kwa mama lishe mmoja pale sokoni, wote kwenye sinia moja. Nilipougua malaria, wale wauza vitunguu na viatu vya mitumba walikuja chumbani kwangu kwa zamu na uji wa moto. Kutoka ofisini alikuja mtu mmoja, kuuliza faili fulani nililiweka wapi. Sikumlaumu. Nawashukuru wale wa uji mpaka leo, na sitachoka kusema.

Mashindano yakapita. Yule fundi hakuzoea kwa watumishi. Yeye alitaka mpira, wao walitaka kikao. Nahodha wangu wa zamani akaja tena sokoni, safari hii na ombi kwamba kila mtu arudi kwake. Mashabiki wakapiga vigelegele. Hata mimi niliwaelewa, kwa kuwa fundi alikuwa mtoto wao. Wenzangu wawili tuliotoka nao kwa watumishi walikuwa wameshakubali kurudi. Mimi nilisimama kando ya magunia. Nilijua ninarudi kwenye saa na miwani, na kwenye chumba kisichobishiwa hodi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa malaria.

Mzee hakuacha kupima. "Mtu wangu nampokea kwa mikono miwili," akasema. "Na wawili wenu hawa hapa, wachukueni. Wamenifaa sana."

Nahodha akaninyooshea kidole. "Na huyu je?"

Mzee akaniangalia, kisha akamwangalia nahodha kwa mshangao wa kweli, kama mfanyabiashara aliyeombwa kitu cha ajabu.

"Huyo ni nyongeza," akasema. "Tangu lini nyongeza ikarudishwa?"

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilicheza pale sokoni hadi magoti yalipokataa, nikajenga nyumba Maisaka, papa hapa Babati, na mji huu ukawa wangu. Mzee alishatangulia mbele ya haki. Ila hadi leo nikinunua mbaazi, muuzaji akichota ile konzi ya mwisho, huwa naukinga mfuko kwa mikono yote miwili.